Gunia la Mzee Dekow

Ugbad hakuwa mjinga. Mtu aliyeikataa mialiko yako ya Idi mwaka baada ya mwaka, akiapa kwamba hatakula kwako hadi afe, haamki tu siku moja akakupigia simu kusema, "Tutakuja." Lazima kuna jambo.

Mtu mwenyewe ni babake, Mzee Dekow, mfugaji wa Kotile. Kosa la Ugbad, binti yake mkubwa, lilikuwa kuolewa na Yakub, mwalimu Mkamba aliyesilimu. Mzee alidai huyo kasilimu kwa ajili ya harusi tu. Hata mamake alipofariki, kabla ya Ramadhani, Ugbad alipata habari sokoni Garissa, maziko yamekwisha. Hilo lilimuuma kuliko yote, na bado linamuuma.

Siku ya Idi akapika wali na mbuzi huku akijiuliza wanataka nini. Kumrudisha Kotile? Kumtafutia nduguye Abshir kazi kwenye ofisi ya kaunti anakofanya yeye?

"Labda wanakuja kula tu," Yakub akamwambia.

Ugbad akamtazama kwa huruma. Miaka yote hiyo Garissa, na bado hawajui Wasomali.

Jioni wakaingia, mzee mbele, Abshir nyuma na gunia linalochuruzika damu. Mzee akamsalimu bintiye kwa Kiswahili, kile anachotumia na wageni na polisi. Ugbad akahisi ameshafukuzwa, na nyumba ni yake!

"Kwenye gunia kuna nini, Aabo?" akamuuliza babake.

"Kondoo yangu. Nilichinja leo asubuhi."

Ahaa. Kumbe chungu chake hakiaminiki, wamejiletea nyama. Kisha likamjia wazo baya zaidi. Kondoo wa Idi hugawanywa mafungu matatu, la nyumbani, la majirani na la maskini. Yeye kaletewa lipi? Mzee alikuwa ameketi mkekani, wali haugusi, chai haigusi. Uvumilivu ukamwishia.

"Aabo, niambie ukweli. Umeniletea fungu gani? La maskini?"

Abshir akainamisha kichwa. Mzee akazishika ndevu zake zenye hina.

"Haijagawanywa," akasema. "Nilikata vipande tu iingie kwa gari. Mimi nasema Kiswahili bwana yako pia asikie. Kwa nyumba yangu, kugawa ilikuwa kazi ya mama yako. Sasa hayuko. Mwanamke mkubwa ni wewe. Leta kisu."

Ugbad akaleta kisu na masinia matatu, akayapanga mkekani. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akatoa paja moja, akalishika mikononi, akasita. Hakujua la nyumbani aliweke sinia lipi, wala nyumbani ni kwa nani.

Mzee Dekow akanyoosha mkono, akavuta sinia moja na kulisukuma mbele ya Yakub.

"Weka hapa," akasema.