Kikuyu Changu cha Cherehani

Bado naiona Jumamosi ile, mwanangu, na moshi wake naunusa hadi leo. Nilikuwa nimeketi jikoni kwa mama mkwe wangu huku Kinoo, mtoto wangu wa kwanza amelala mapajani, hata mwezi hajamaliza. Motoni palikuwa na sufuria kubwa ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo watu wa hapa humpikia mzazi ili apate maziwa. Wanawake wa ukoo wa mume wangu walikuwa njiani kuja kuona mtoto. Mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Mama Kamau, alikuwa ametoka kumkatia ng'ombe majani, akaniachia sufuria niiangalie. Nikaonja, nikaona haina chumvi, nikatia chumvi. Nilitia ya kutosha, tena kwa moyo safi.

Basi akarudi. Akafuta mikono kwenye leso, akashika mkebe wa chumvi, akachota kiganja kizima. Nilimwona. Nikafungua kinywa. Akamimina, akakoroga, akatoka kwenda kupanga viti uani, na mimi nikabaki na kinywa wazi na mtoto mapajani.

Usidhani nilikuwa bubu. Kwetu Vihiga, kule Western, nilijulikana kwa domo, na mama yangu alikuwa akinituma kwa majirani pale tu alipotaka habari ifike yote. Kimaragoli ndicho nilichoombea na ndicho nilichogombezea. Kiswahili nilikipata shuleni, kisha nikakimalizia mjini, pale Dagoretti Corner, nilipokuwa nashona nguo kwenye kibanda cha shangazi yangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kupimia watu mapazia kule Muthangari. Mtu akianza kuniuliza mambo ya mbali na madirisha, ninatabasamu tu. Kijaluo nilijua salamu na matusi mawili, niliyofunzwa na fundi viatu wa mlango wa pili. Na Kikuyu nilikuwa nacho pia, cha wateja. Kiuno, bega, mkono, kaza hapa, legeza hapo, njoo Ijumaa. Kamau alikuja kushonewa suruali, nikamwambia hayo yote kwa lugha yake, akacheka, akaharibu suruali nyingine makusudi ili arudi. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Lakini Kikuyu cha cherehani hakitoshi kuishi nacho na mama mkwe. Wiki ya kwanza nilijaribu kuwaambia mawifi zangu kwamba ng'ombe amenenepa, nikasema jambo lililowafanya washikane mabega kwa kicheko. Mpaka leo sijui nilisema nini, na wao wamekataa katakata kuniambia. Hawakucheka kwa ubaya, sasa naelewa. Siku ile sikuelewa. Niliingia chumbani nikajiapiza kwamba katika nyumba hii sitasema sentensi yoyote kabla sijaishona kichwani ikakamilika.

Na kwetu, bibi harusi mgeni kunyamaza ni adabu. Mama alinipeleka kwa watu akiniambia niteremshe sauti, nisijibizane, watu wanione nimelelewa. Kwa hiyo nilijiona nafanya vizuri. Asubuhi nilimsalimu mama mkwe kwa Kikuyu kilichonyooka, jioni nikamsalimu tena, na katikati nikafagia. Sikujua kwamba huku Kinoo, msichana anayefagia bila neno anaonekana ana dharau, na kwamba kijijini kulikuwa kumeshasemwa kwamba Kamau ameoa mtu wa kujisikia.

Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Kukaa siku nzima unasikia watu wanaongea huku wewe humo ni uchovu wa ajabu, na hakuna kazi unayoweza kuionyesha kwamba ndiyo imekuchosha. Nilikuwa nimemwambia Kamau kwamba wageni wakishaona mtoto, nitampeleka Vihiga akaonwe na kwetu. Sikumwambia nitarudi lini, kwa sababu moyoni sikuwa na nia ya kurudi. Begi lilikuwa tayari juu ya kabati.

Wageni wakaja na chupa za uji, na kuni, na kelele. Wakashika mtoto, wakamsifu masikio. Kisha wakapakuliwa njahi. Shangazi mkubwa wa Kamau akatia kijiko mdomoni, akaomba maji. Mwingine naye akaomba maji. Shangazi akasema kwa Kikuyu, mbele yangu, akidhani sisikii lugha yao, "Huyu msichana wa Western, kwao hawaonji?"

Nilisikia kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke niingie mimi na mtoto na begi.

Mama Kamau aliionja ile njahi, akanitazama kidogo tu. Akasema, "Chumvi ni yangu. Mkono wangu umezeeka. Pakueni mukimo." Ukaletwa ule mukimo wa viazi vilivyopondwa, na mazungumzo yakahamia kwenye masikio ya mtoto.

Walipoondoka, jua bado likiwa juu, akaniita jikoni. Nilikwenda polepole, kwa maana nilijua ameshaelewa kwamba ile chumvi haikuwa ya mkono mmoja. Akavuta kigoda, akaniketisha, na kwa mara ya kwanza tangu niingie boma lile nikamsikia akiongea Kiswahili.

"Wewe, uliona mkono yangu ikiweka chumvi?"

"Niliona, Mama."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa natafuta maneno, Mama. Ya Kikuyu. Mazuri."

Akapiga mikono kwenye magoti. "Maneno mzuri ya nini? Mimi nilitaka kelele! Ungesema ui! Ungesema na lugha ya kwenu! Ungenishika mkono! Chakula inaharibika, wewe unatafuta maneno mzuri?"

Akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila siku unaniambia habari ya asubuhi, habari ya jioni, kama mtu amekuja kuomba mchango ya kanisa. Mimi nalala nikifikiria, huyu mtoto ananichukia. Nimemkosea wapi?"

Hapo nikalia. Nililia vibaya, mwanangu, na nikamwambia yote kwa Kiswahili na Kimaragoli vikiwa vimechanganyika: mawifi, kicheko, begi lililo juu ya kabati. Alipolisikia la begi alinifuta uso kwa leso yake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Na mimi pia nilikuwa naogopa. Kiswahili yangu ni ya kuuza maziwa. Kikombe, nusu, lete chupa. Kamau aliniambia bibi yake amesoma Kiswahili. Nikasema, nikifungua mdomo, huyu atanicheka."

Mimi huyu! Mimi ambaye Kiswahili changu mtu wa Mombasa akikisikia hulazimika kugeuka ukutani! Tulikuwa tumekaa boma moja miezi yote ile, wanawake wawili wenye midomo yao, kila mmoja akimwogopa mwenziwe. Nilianza kucheka kabla machozi hayajakauka, naye akacheka, mtoto akaamka akalia, tukawa kelele tupu.

Begi likashuka. Kamau alipolikuta sakafuni likiwa limejaa viazi vya kupeleka sokoni hakuuliza kitu, ila jioni ile alikula sana.

Sikwambii kwamba kesho yake nilijua Kikuyu. Nilichojua ni kupaza sauti. Mimi nilileta Kikuyu changu cha cherehani, yeye akaleta Kiswahili chake cha maziwa, na palipopungua tulionyeshana kwa vidole. Alikuwa akinirekebisha huku akiendelea na kazi yake, bila kunitazama, nami nikamrekebisha hivyo hivyo. Mawifi walicheka, na mara hii nilicheka nao. Miaka ikaenda. Siku moja tulizozana, mimi naye, juu ya ng'ombe wa kuuza, nikajikuta nimemjibu kwa Kikuyu mfululizo, bila kutafuta neno hata moja, na nusu ya niliyosema haikuwa sahihi. Nilipotoka nje nilikuwa nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja. Nilijua sasa nimefika nyumbani, kwa sababu mgeni hagombani hivyo.

Na Mama Kamau alipozeeka akalala kitandani asiweze kuinuka, wanawake wa kanisa walikuja kumwombea. Waliomba kwa Kikuyu kizuri sana, kirefu, cha wazee. Walipomaliza aliniashiria kwa mkono, akasema, "Sasa wewe. Omba na ile yenu." Shangazi mmoja akamuuliza atafaidika vipi na maombi asiyoyaelewa. Akamjibu, "Huyu akiomba na ile yake hasimami kutafuta maneno. Nataka kusikia mtu asiyesimama." Nikaomba kwa Kimaragoli, nikimshika mkono, sikusimama. Namshukuru Mungu kwa siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita dada yangu mkubwa alipiga simu kutoka Vihiga. Mjukuu wangu Njeri alikuwa hapa, amesoma chuo, Kiingereza chake kinateleza na Sheng yake siifikii hata nikikimbia. Nikampa simu amsalimu bibi yake huyo kwa Kimaragoli. Akanirudishia haraka, akaninong'oneza, "Cucu, mimi huskia tu, siwezi ongea. Nikijaribu watanicheka."

Nimelisikia neno hilo kwa wengi wenu hapa Nairobi. Mnasikia tu. Mwanangu, kama unasikia basi lugha unayo, tena nyingi kuliko unavyodhani. Kinachokosekana ni kelele. Mwambie bibi yako hujambo, ukosee, akucheke, umuulize kwa nini amecheka. Yule mzee hakai kwenye simu kukusahihisha. Anakungoja wewe, na kila unaponyamaza anakwenda kulala akijiuliza amekukosea wapi.

Usitoze kila lugha ushuru mmoja. Ipo ya kuandikia barua, hiyo inyooshe. Ipo ya kuuzia, ipo ya kutaniana, ipo ya kulilia. Nyingine utakuwa nayo nusu mpaka ufe, na hiyo nusu ni yako halali, itumie bila kuomba msamaha. Ukiingia kwa watu wasiosema kama wewe, usikae kitako ukishona sentensi huku chakula kinaharibika. Na wewe uliye hodari wa maneno, mtu akija kwako na lugha iliyovunjika, jua ametembea njia ndefu kukufikia, umpe kigoda. Cheka kama ni lazima, lakini ucheke ukimsogelea.

Njeri nilimrudishia simu. Nikamwambia aseme lolote. Akasema neno moja la kwetu, akalikosea, na kule Vihiga nikasikia dada yangu akipiga vigelegele vya peke yake.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akulinde na aibu inayofunga kinywa. Akupe watu wa kukungoja umalize kusema, na akufanye mtu wa kungoja wenzako wamalize. Na kila nyumba utakayoingia, uingie ukisikika.