Mama Alipokwenda Kungoja Kambove

Siku ile karani mwenzangu aliponishauri nimwondoe mama nyumbani kabla wakaguzi hawajafika, ilinipasa kusema hapana. Nilisema ndiyo. Nilisema upesi hata yeye akashangaa, maana alikuwa amejiandaa kunishawishi njia nzima, kutoka ofisini mpaka cité, mtaa wetu Waafrika.

Lazima nieleze, kwa sababu wajukuu wangu wanadhani ninatunga. Miaka ile, hapa Elisabethville, Mkongo aliyesoma kidogo na kuzoea tai aliweza kuiomba serikali ya kikoloni kadi ya kuthibitisha kwamba yeye ni évolué, yaani mtu aliyeendelea. Kabla ya kukupa kadi, walikuja kukukagua nyumbani. Waliangalia choo, jiko, kitanda. Walitaka kuona mke anakaa mezani na mumewe, na uma uko upande wa kushoto wa sahani. Ungeweza kuandika Kifaransa bila kosa, ukaangushwa na sufuria.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: kila nilichoombwa, nilikubali. Nilikuwa karani mchana. Jioni nilikuwa katibu wa chama cha wasomi, mwalimu wa kwaya, na msuluhishi wa ugomvi wa watu wa kwetu kaskazini. Sasa nikaongeza kadi. Mikono ikaanza kutetemeka. Usingizi ukanihama. Nikawa ninawafokea kuku wa jirani kwa Kifaransa.

Mama alikuwa amekuja kuishi nasi baada ya baba kufariki. Alikaa nyuma ya nyumba kwenye kiti kifupi, karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akivuta kiko chake kidogo. Akiniona ninarudi kazini na mabega yamepanda mpaka masikioni, aliniwekea ungo wa karanga magotini.

"Tata, menya." Ndivyo alivyoniita, tata, yaani baba.

"Mama, niko na kazi mingi."

"Kazi iko na miguu? Itakimbia? Menya."

Nilimenya huku nikinung'unika. Yeye alicheka nilivyotupa karanga na kubakiza maganda. Lakini ungo ulipokaribia kwisha, mabega yalikuwa yameshuka na nilikuwa nimesahau nilichokasirikia. Sikuwahi kumshukuru. Niliona ananichelewesha.

Kisha yakaja mazoezi ya kula bukari, ugali wetu, kwa uma. Mke wangu alikaa mbele yangu mezani, mgongo umenyooka kama yuko kwa mpiga picha.

"Papa," aliniambia, "unaichoma hiyo bukari kama unaua nyoka."

"Umuache," mama akasema kutoka mlangoni, mkono wake ndani ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Pengine ya leo iko bado muzima."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona kiko, mkeka, vidole vyenye mchuzi, na nikawaona wakaguzi wamesimama pale. Ndiyo maana karani mwenzangu hakupata taabu ya kunishawishi.

Nilimwambia mama aende kwa kaka yangu, aliyefanya kazi mgodini Kambove. Kidogo tu, nikasema, nitakuja kukuchukua wakaguzi wakipita.

"Bazungu banaogopa mama muzee na kiko yake?"

"Hapana, mama. Ni vile tu..."

"Basi ni weye unaogopa." Akanipigapiga shavuni kama mtoto, akafunga nguo zake. Kwenye mlango akageuka. "Kiti nakuachia. Utakihitaji."

Wakaguzi hawakuja. Tuliambiwa wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha baada ya mvua. Kila asubuhi mke wangu alipanga uma, kila jioni alizirudisha kwenye sanduku. Nilimkataza kupika samaki wakavu, kwa sababu ya harufu. Nilimkataza kuanika nguo upande wa barabara.

"Tupumue," akaniuliza, "ama hiyo nayo tungojee kadi?"

Ofisini nilimwaga wino kwenye kazi ya siku nzima. Mkubwa wangu aliitazama mikono yangu, akaniambia niende nyumbani. Nikafika mchana kweupe, nikaenda nyuma ya nyumba nisionwe na majirani, na hapo nilimkuta mmoja wa wale kuku wa jirani. Nikaanza kumfokea kwa Kifaransa kuhusu maisha yake.

Mke wangu alitoka na ungo wa karanga.

"Mama alisema siku utaanza kugombana na kuku, nikupe hii."

Nikakaa kwenye kile kiti, nimevaa tai, magoti karibu na kidevu. Nikamenya. Machozi yalinitoka kidogo, nikasingizia moshi, ingawa mbabula ilikuwa baridi. Nilipomaliza nilijua jambo ambalo mapadri hawakunifundisha: nilikuwa nimebeba vitu ambavyo hakuna aliyenilazimisha kuvibeba, na ningeweza kuvitua.

Jumapili ile niliwaambia wenzangu chamani watafute katibu mwingine. Neno hapana lilinitoka kwa sauti ya kijana anayeanza kubalehe, wakacheka, lakini lilitoka. Ugomvi wa watu wa kwetu niliwarudishia wenyewe. Kwaya niliibakiza kwa sababu niliipenda. Kila jioni nilikaa kwenye kiti kifupi na kumenya, hata siku ambazo nyumbani hatukuhitaji karanga. Mikono ikatulia. Usingizi ukarudi.

Hapo ilinipasa kumrudisha mama. Mke wangu alinikumbusha. Nilimjibu kwamba kwa kuwa amekwisha kungoja hivyo, angoje kidogo tena, kadi ipite. Hilo moja sikulitua.

Wakaguzi walikuja, wakamaliza kabla chai haijachemka. Walifungua kabati, wakahesabu uma, wakachungulia choo. Mmoja aliona kile kiti karibu na mbabula, akauliza ni cha nani.

"Si cha mtu," nikasema.

Mke wangu alinitazama, akaenda kufunga kabati. Kadi ilipokuja, aliishika, akaigeuza upande huu na ule.

"Sasa umeendelea, papa. Umeendelea mpaka umemupita mama."

Nikapanda treni kwenda Kambove. Nilimkuta amekonda, anakohoa, ameketi kwenye mkeka mlangoni kwa kaka yangu. Aliitazama tai yangu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Kiti yangu iko bado kule?"

"Iko, mama. Nimekuja kukuchukua."

"Unakikaliaka?"

"Kila siku."

"Muzuri. Endelea kukikalia." Akatia kiko mdomoni. "Mie nabakia hapa, tata. Hapa hakuna muntu anakuja kuniangalia."

Hakusema kwa hasira. Nilimbembeleza, kaka yangu akambembeleza, akatuuliza kama tumekwisha kula. Nilirudi peke yangu, nikijiambia nitajaribu tena mvua zikipungua. Hazikuwa zimepungua bado alipofariki.

Mikono yangu haitetemeki hadi leo, na kadi ile imepotea sijui wapi. Mama yangu aliishi siku zake za mwisho mbali nami, katika nyumba ambayo si yangu, kwa sababu nilimtoa katika ile iliyokuwa yake. Sikuwa naye alipokufa. Hicho ndicho nilicholipa.