Managu Yaliyoota Kati ya Nyanya

Asifiwe Mungu aliyenipa uzee na kumbukumbu, hata ya mambo ambayo ningependa yanitoke.

Nakumbuka siku moja ya Februari, mwanangu, nikiwa mke mpya hapa Kibugu. Jua lilikuwa kali hata majani ya chai yalijikunja. Mama mkwe wangu alikuwa na kishamba cha nyanya nyuma ya jikoni, nacho kilikuwa kimeingiliwa na utitiri, vijidudu vyekundu vidogo kama vumbi, vinavyofuma utando chini ya majani. Kila asubuhi aliinama, akageuza jani moja moja na kuliosha kwa maji ya sabuni. Yaliyokauka aliyachoma. Buibui wakubwa waliokaa kati ya miti ya nyanya hakuwagusa, na nilipoleta ufagio niwaondoe, alinizuia.

"Marigu, hao ni vibarua wangu. Wanakula wadudu, na hawaniombi chai ya saa nne."

Nilicheka, lakini moyoni niliona ni ushamba tu. Mimi nilikuwa nimesoma. Alipokwenda kwenye ibada ya akina mama, nilichukua dawa ya kuulia wadudu wa kahawa ambayo mume wangu aliiweka stoo, nikaichanganya kwa kukisia, nikanyunyiza kila kitu. Jioni niliwaambia watu wa nyumbani wasichume nyanya mpaka niwaambie. Sababu sikuitaja. Nilitaka waamke siku moja wazione zimepona, ndipo nisifiwe.

Managu, ile mboga ya majani ambayo wengine huiita mnavu, sikuyakumbuka. Kwetu siku zile hakuna aliyeyapanda. Yaliota yenyewe kati ya mimea mingine, na mwanamke yeyote wa boma aliyachuma bila kumuuliza mtu. Kesho yake mama mkwe aliyachuma, akayapika, akala peke yake, maana sisi tulikuwa tumekwenda kuchuma chai.

Tulimkuta ameketi mlangoni, mate yakimtoka, nguo imelowa jasho, mikono ikitetemeka. Hospitalini daktari alimmulika macho, kisha akaniuliza amekula nini. Nikasema managu. Akauliza kama yalinyunyiziwa dawa. Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu.

Nikasema sijui.

Wakamtibu kama mtu aliyekula chakula kibovu. Nilikaa kwenye benchi nikisali, naye anazidi kupumua kwa shida, na kila niliposali nilijua jibu liko kinywani mwangu mwenyewe. Zilipita saa tatu nzima ndipo nikamfuata muuguzi, nikamwambia yote. Walikimbia kumdunga dawa ya kuondoa sumu ile, lakini kifua kilikuwa kimeshajaa maji.

Kesho yake asubuhi alipata fahamu kidogo. Nilipiga magoti nikamweleza nilichofanya.

"Ungesema tu," akaniambia. "Ningekula ugali mtupu."

Saa sita mchana alifariki.

Tulipotoka kumzika nilikwenda kule nyuma ya jikoni. Buibui wote walikuwa wamekufa, wamekauka kwenye nyuzi zao. Baada ya wiki mbili utitiri ulirudi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuula, ulizimaliza nyanya zote hadi mashina.

Mume wangu alinisamehe, ila ilimchukua miaka. Mungu naye ninaamini amenisamehe, na ninamshukuru kwa kila siku aliyoniongezea, ingawa hakuna inayopita bila uso wa mama.

Siku hizi nawaona mkipanda sukuma wiki kwenye magunia, hata wanafunzi wa chuo kule Nchiru nje ya vyumba vyao vya kupanga, na dawa mnauziwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi. Mwanangu, dawa usiyoweza kuisoma usiinunue. Ya kahawa isiguse mboga. Ukinyunyiza, mwambie kila anayekula katika nyumba hiyo, umtajie hata majani ambayo hukuyapanda. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo, hata kama waliosimama kando yako watakuchukia. Aibu niliyoikwepa pale hospitalini ingeniuma mwezi mmoja. Niliyoichagua badala yake nitazikwa nayo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana ailinde sufuria yako na wote wanaokula kutoka humo, akupe mikono mivumilivu, na ulimi usiochelewa kusema kweli. Amina.