Bi Lavinia Hakutaka Kuitwa Kinyozi

Verdell Maxey alipostaafu kazi ya posta mjini Des Moines, alinunua kinasa sauti, akaanza kuwazungukia na kuwarekodi wazee Weusi waliosoma kwenye chuo kikuu alichosoma yeye, pale jimboni Iowa, Marekani. Kitabu cha historia ya chuo kilikuwa kinene kama tofali, lakini Weusi hawakuwamo ila kwenye picha moja ya timu ya mpira.

Karibu kila mzee alimtaja Lavinia Crume. Enzi zao vinyozi wa mji ule hawakukubali kugusa nywele za Mweusi, basi Lavinia ndiye aliyewanyoa vijana, Jumamosi, katika chumba cha kufulia nguo cha bweni.

Verdell akamtafuta mpaka akamkuta mjini Davenport, bibi mjane mwenye ulimi mkali. Alimpelekea pai ya viazi vitamu.

"Bi Lavinia, nimekuja unisimulie habari za kunyoa."

Bibi akakisukuma kinasa sauti kando. "Pai niachie. Hicho kidude ondoka nacho."

"Nimekosa nini, mama?"

"Mimi nilikwenda pale kusoma kemia! Miaka yote hii mnanikumbuka kwa mkasi. Kuna hata mmoja aliyekwambia nilisoma nini?"

Hakuna. Na Verdell mwenyewe hakuwahi kuuliza. Aliona haya.

"Basi nisimulie kemia."

"Utaelewa?"

"Wapi! Wewe sema tu."

Bibi akacheka, akakirudisha kinasa sauti mezani, akamimina kahawa, akavuta kiti. Alisimulia jinsi wenzake walivyokataa kukaa naye meza moja maabarani, akafanya majaribio peke yake, akaungua mkono, mpaka siku fuwele za buluu alizotengeneza zilipoganda safi, zikang'aa, na profesa akaziinua darasa zima lione. Kahawa ikapoa vikombeni.

Kisha bibi mwenyewe akaongeza, "Na yule Otis Bledsoe, kichwa kama boga! Alikuwa akilia nikimgusa kisogo. Hilo nalo liweke."

Majira yote ya baridi Verdell aliwarudia wazee aliokwisha kuwarekodi, akianza na Otis.

"Otis, kwani wewe ulikuwa unasoma nini?"

Mzee akatazama theluji dirishani.

"Kilimo," akasema. "Nilitaka kufuga ng'ombe wa maziwa. Ngoja nikueleze vizuri."