Aliyepika Huonja Kwanza

Bia aliyoipenda baba yangu iliacha kutengenezwa miaka michache kabla mama hajafariki. Hakuna aliyetangaza. Siku moja mwenye duka wa Igogo, alikoinunua kila alipokuja mjini, alimwambia haiji tena, akampa ya aina nyingine, baba akairudisha. Tangu hapo akawa mnywaji wa soda, tena mnywaji asiye na furaha.

Mama alipofariki nilimchukua baba, nikamleta kwangu Kiseke. Mfuko wake wa nguo aliuweka kando ya kitanda, akawa anatoa shati la siku hiyo tu. Kila wiki aliniuliza mabasi ya kupita Usagara kwenda kijijini yanaondoka saa ngapi, ingawa alijua vizuri kuliko mimi. Kule aliacha nyumba na ng'ombe wanne wanaochungwa na jirani. Nilitaka abaki kwangu. Niliogopa angekufa peke yake na mimi niambiwe kwa simu.

Ndipo nilipoamua kuipika ile bia. Kanisani kwetu pombe haiguswi, na wakati huo nilikuwa shemasi. Lakini mimi pia ni mwalimu wa kemia, nikajiambia kwamba kupika si kunywa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Baba alikumbuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, uchungu unaokuja mwishoni, na harufu ya mkate ulioungua kidogo. Shayiri sikuipata, nikaotesha mtama, nikauanika, nusu yake nikaikaanga hadi ikawa kahawia. Maua makavu ya kutia uchungu niliyaagiza Nairobi kwa mtu aliyedhani nina baa. Nikachemsha, nikapoza, nikatia hamira, nikaficha ndoo stoo nyuma ya magunia ya mkaa. Ndoo ya kwanza iligeuka siki. Ya pili ilipasua chupa. Ya tatu ilitulia.

Jumapili baada ya ibada nilimmiminia. Povu lilisimama, nami nikajisikia fahari ambayo matokeo ya mitihani hayajawahi kunipa. Baba aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, kisha akanisogezea.

"Onja."

"Baba, unajua sinywi."

"Najua. Aliyepika huonja kwanza. Mama yako kapika pombe ya mtama maisha yake yote, hakuna mgeni aliyekunywa kabla yake."

"Na hiyo ya kiwandani, nani alikuwa anakuonjea?"

"Ile ilikuja na kizibo. Aliyeipika simjui, na yeye hanijui. Wewe nakujua."

Nilikasirika. Nimehangaika miezi minne, halafu nadaiwa ushahidi kwamba sikumtilia baba yangu sumu. Lakini nimekulia kwenye desturi hiyo. Kwetu hata mke humwonjea mumewe, na anayekataa kuonja ndiye anayetiliwa shaka. Nikanywa funda moja nikiwa nimesimama, bado na nguo za kanisani. Ilikuwa chungu, na sikuelewa watu wanaifuatia nini.

Baba alikunywa taratibu mpaka mwisho.

"Siyo yenyewe," alisema, akaninyooshea glasi niongeze.

Alhamisi aliondoka. Nilimsindikiza stendi, nikamwomba achukue chupa walau sita, akasema mfuko umejaa. Nililia pale pale mbele ya wauza karanga. Baba akaniambia niwahi kazini.

Wiki mbili baadaye zile chupa sita nikamkabidhi konda wa basi la kijijini, naye akazifikisha bila kuvunja hata moja. Jioni baba akapiga simu. Zimefika, alisema, ziko mezani, hajafungua.

"Kwa nini, baba? Zimeharibika?"

"Sasa nani ataonja?"

Nilijiuzulu ushemasi. Nilisema kazi za shule zimezidi, wakaniombea. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi napanda basi mpaka kijijini. Nikifika namwamkia, nafungua chupa, nakunywa funda moja mbele yake, kisha nampa. Kila mara huniambia siyo yenyewe, halafu huniuliza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao itaangukia tarehe ngapi, ingawa kalenda iko ukutani nyuma yangu.