Tangazo la Riwaya Yangu Lilivyojaza Watu Uani

Wenzangu, ubahili umeniumbua. Mimi ni mwalimu, mgeni hapa Busale, Kyela, na nimejichapishia riwaya kwa mshahara wangu. Tangazo lake lilipendeza kwenye kompyuta: picha yangu ya pasipoti, fremu nyeusi, jina la riwaya kwa rangi ya njano, na chini yake, “Jumamosi saa nne, nyumbani kwake. Wote karibuni.” Ili kubana matumizi nikatoa kopi zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, nikampa bodaboda azibandike hadi Bujonde, bila hata kuzikagua.

Jumamosi nikachungulia dirishani. Akina mama wanakuja kwa makundi, ndoo za mchele kichwani, khanga kiunoni. Kumbe watu wa Kyela wanapenda kusoma hivi, na zawadi juu! Nikavaa suti, nikachomoa kalamu ya kusaini vitabu, nikafungua mlango nikitabasamu.

Kilio kilichokuwa kimeanza kikakatika. Mama aliyetangulia akatua ndoo.

“Ee Kyala, Mungu wangu! Mwalimu, si umekufa?”

Akanionyesha tangazo. Njano haikutoka kwenye kopi. Ilibaki sura yangu iliyonuna, fremu nyeusi, na “Jumamosi saa nne, nyumbani kwake.”

“Ni uzinduzi wa riwaya, mama,” nikanong'ona.

Akawageukia wenzake. “Jamani, hakuna msiba. Ni kitabu tu.”

Wakajitwisha mchele wao, wakaondoka.