Mlango wa Uani

Mama Viti hakuwa ameona mwanga kwa miaka thelathini na moja, lakini ole wako umwite kipofu. "Kipofu ni wewe," angekujibu papo hapo, "uliyekalia kiti kibovu mwaka mzima mpaka kikakudondosha, ndiyo unakumbuka kuniletea." Mdomo wake haukuwa na breki, na mikono yake haikuwa na mpinzani. Ukimpelekea fremu tupu asubuhi, jioni unaikuta imeshasukwa nyuzi za plastiki, imekaza, ukiipiga kofi inalia kama ngoma. Na rangi je? Rangi zilining'inia kwenye misumari ukutani: nyekundu msumari wa kwanza kutoka dirishani, nyeupe wa pili, bluu wa tatu. Asiyeamini alikaribishwa aje ahakikishe.

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na ua. Kutoka kizingiti cha mbele hadi jiko, hatua sita, mkono wa kushoto. Kiberiti ndani ya kopo juu ya rafu, ndoo ya maji chini ya meza, na kutoka meza hatua tatu moja kwa moja, mlango wa uani. Sheria ilikuwa moja tu: ukigusa, rudisha. Siku moja mdogo wake alikuja kumsalimia, akasogeza kigoda ili afagie, akakisahau katikati ya chumba. Mama Viti akajikwaa, akachubuka muundi. Lo! Yule mdogo mtu alisemwa mpaka akalia. "Umekuja kunisalimia au kunizika? Nyumba hii ndiyo macho yangu!" Tangu siku hiyo wageni walikaa waliposimamishwa.

Basi kikatangazwa kimbunga. Gari la vipaza sauti lilipita mara tatu kuwaambia watu waende barabara kuu, malori yanasubiri. Mama Viti akaendelea kusuka. Aliyekuja kumtoa ni jirani yake, Fundi Viatu, mgane mpole ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akitukanwa na mama huyu kila siku, na ukimuuliza, siku asiyotukanwa hakuiona imetimia.

"Dada, bati la kwangu limeshang'oka. Twende, nakuomba."

"Siendi. Huko mnakonipeleka mimi ni mzigo. Hapa mimi ni mtu."

"Basi nami nakaa."

"Ukae ufe kwa sababu yangu, nitukanwe na ukoo wako? Hebu niletee viatu!"

Akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akauvaa shingoni kwa uzi wa bluu.

Walipelekwa kwenye shule moja mji wa juu, watu sabini darasa moja, magodoro yamebanana. Kila usiku watu walilala pengine, kila asubuhi mabegi yalikuwa pengine, na Mama Viti alikanyaga watu mpaka wakaanza kufyonya wakimsikia anainuka. Fundi akamfungia kamba kutoka godoro lake hadi chooni, aifuate kwa mkono. Kesho yake alipoishika akakutana na mashati mabichi na mataulo. Watu walikuwa wamepata pa kuanikia nguo. Walipoambiwa waliomba radhi, wakaanua, na keshokutwa wakaanika tena. Akaachana na ile kamba. Akawa anangoja kushikwa mkono, na maji akanywa kidogo kidogo ili asisumbue watu. Mama Viti huyo! Anaona kiu kwa kuogopa kumsumbua mtu! Ningeambiwa nisingeamini.

Wiki ya tatu watu wakaanza kurudishwa, wazima kwanza. Kwa Mama Viti kulikuwa na fomu. Afisa wa ustawi, msichana mwenye sauti ya adabu, alichuchumaa kando ya godoro.

"Mama, wenye ulemavu wanaoishi peke yao tunawapima kwanza, huko huko nyumbani kwao. Ukijimudu, unabaki. Ikionekana hujimudu, tunakupeleka kituo cha kutunzia wasiojiweza."

"Kiko wapi hicho kituo?"

"Ni safari ya saa saba, mama."

Mama Viti akacheka, mara ya kwanza tangu kimbunga. "Kunipima nyumbani kwangu? Mwanangu, hata ukinipima nimelala nitapasi."

Fundi alikuwa ametangulia na kundi la kwanza. Alipofika akaweka mikono kichwani. Maji yalikuwa yamesomba mlango wa mbele wa Mama Viti, ukuta wa uani umelala chini, matope magotini. Akakunja suruali. Kwa wiki nne viatu vya watu vilimngoja, yeye na majirani wakachapa kazi kwenye nyumba ya dada yao. Na hapa ndipo ninapotaka kumshika huyu fundi nimtikise, kisha nimkumbatie, sijui nianze na lipi. Ukuta wa uani waliujenga imara, bila tundu, na mlango wakautobolea upande wa chumbani. Mlango wa mbele akauchonga mpya, wa komeo. Misumari ilikuwa imeoza kwa kutu, akaing'oa. Nyuzi alizifua moja moja, akazitia zote kwenye gunia moja safi. Meza akaitandikia kitambaa. Jiko akalihamishia chini ya dirisha. Majirani walisifu, maana kwa kweli ilipendeza. Kwa Mama Viti hakupeleka neno. Alitaka iwe zawadi.

Siku ya kipimo gari lilisimama nje, Mama Viti akashuka na afisa wa ustawi, akaikataa fimbo aliyopewa. "Ya nini? Nimefika." Akanusa. "Mbona pananuka rangi?"

"Karibu kwako, dada!" Fundi alikuwa ameushikilia mlango wazi, amevaa shati la kutokea. Majirani wakapiga makofi.

Akaingia. Hatua sita, mkono wa kushoto. Mkono ukakosa jiko, ukashika kitambaa cha meza.

"Fundi. Jiko liko wapi?"

"Nimekuwekea mahali pazuri, dada, chini ya dirisha, ili upate mwanga..."

Akayasikia mwenyewe aliyoyasema. Makofi yakafa.

Mama Viti aligeukia zilikosikika nyayo za afisa. "Mwanangu, nipe siku mbili niizoee. Siku mbili tu, utakuja kunywa chai niliyoipika mwenyewe."

"Mama, nina nyumba nyingine kumi na mbili, na gari linarudi leo. Fomu inataka nilichokiona leo." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angekuwa mbaya, angalau tungekuwa na mtu wa kumlaani.

Akaambiwa achemshe maji. Ndoo aliikuta kwa kuipiga teke, ikamwagika yote. Jiko alilipata baada ya kuzunguka chumba mara mbili, kiberiti hakukipata kabisa. Fundi uzalendo ukamshinda: "Kushoto, dada, kusho..."

"Tafadhali asielekezwe," afisa akasema.

"Swali la mwisho, mama. Nyumba ikishika moto huku mbele, utatokea wapi?"

Hapo uso wa Mama Viti ukachangamka. Hilo nalo swali! Mlango ule alikuwa akiutokea kila siku ya Mungu. Akapapasa meza, akageuka, akainua kichwa, akaenda hatua tatu haraka haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake. Ukuta ukampokea kwa paji la uso.

Hakulia. Aliweka viganja viwili ukutani, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akapapasa juu hadi mikono ilipoishia.

"Mlango wangu uko wapi?" aliuliza taratibu.

Afisa akaandika.

Walimpa muda wa kuchukua vitu vyake. Fundi akamletea gunia la nyuzi. Akaingiza mkono, akazigusa: nyekundu, nyeupe, bluu, zote laini sawa, zote mchanganyiko. Akautoa mkono.

"Baki nazo," alisema. "Asante, Fundi. Umefanya kazi kubwa."

Asante! Miaka kumi na moja Fundi hakuwahi kusikia neno hilo kutoka mdomo ule, na alilolitamani siku ile ni tusi, hata moja. Akamfuata hadi garini akilia waziwazi.

"Dada, nitarudisha kila kitu. Nitautoboa ule ukuta. Nitakuja kukuchukua."

"Saa saba, Fundi. Na fomu imeshaandikwa." Alikuwa ameshakaa, mkono wa afisa begani kwake. Akavua uzi wa bluu shingoni, akautoa nje ya dirisha na ufunguo wake. "Shika. Unifungie mlango, watu wasije wakanivurugia vitu."

Fundi akaupokea. Akatazama ule mlango mpya wenye komeo tu, usio na hata tundu la ufunguo.

"Nitafunga, dada," alisema.